Teke Lisilo na Mguu

Jina la kitongoji nitalimeza, maana wahusika wapo hai na masikio wanayo. Jua tu kwamba kipo jirani na machimbo ya Mwakitolyo, huku Shinyanga Vijijini, mahali ambapo karasha zinaanza kusaga mawe kabla jogoo hajamaliza kuwika na vumbi lake unalikuta hata kwenye kopo la chumvi. Hapo ndipo Agnetha, Mama Loveness, alipokuwa akiwapikia wachimbaji chai na maandazi chini ya turubai la bluu. Na hapo ndipo alipopigwa teke, Jumanne moja asubuhi, mbele ya foleni nzima ya maji.

Agnetha alikuwa mama wa miaka arobaini na moja, Msukuma wa hapohapo, mwenye mdomo. Binti yake Loveness aliolewa Runzewe na alikuwa na mapacha wachanga, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuitwa kila mama anapopiga chafya. Mume, Makoye, aliondoka miaka minne nyuma kufuata rashi, yaani mahali palipotoka dhahabu mpya, huko Geita. Rashi ile ikaisha, ikaja nyingine, na nyingine, na Makoye bado anazifuata. Agnetha alikuwa akisema kwamba mwanamume anayetafuta dhahabu hapotei, anachelewa tu. Alisema hivyo akicheka, na wateja nao walicheka.

Kilichokuwa hakichekeshi alikifunika. Mwaka huu ni wa sita tangu madaktari wa hospitali kubwa kule Mwanza wamwambie ana lupasi. Ni kama mtu kuwekewa mlinzi nyumbani, halafu mlinzi akaanza kumpiga mwenye nyumba: kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe, leo viungo, kesho ngozi, keshokutwa figo. Jua kwake ni adui. Ndiyo maana alivaa kofia pana na mikono mirefu hata katika joto la Oktoba, na mashavu yalipomwiva mekundu watu wakanong'ona kwamba anajipaka mkorogo wa kujichubua. Hakuwakanusha. Heri waseme mkorogo. Vidonge vya predi, vile vidogo vya kutuliza ugonjwa, vilipomjaza uso ukawa duara, wachimbaji wakamsifu. Mama Loveness umenawiri, biashara imekukubali! Akaitikia asante. Kama wangejua kwamba ule unene ulikuwa wa dawa, nani angenunua andazi lililokandwa na mkono wa mgonjwa? Ndivyo alivyowaza yeye. Akiulizwa sana, alisema ana aleji ya jua.

Mtu mmoja tu alijua ukweli, naye ni Rebeka, Mama Blessing, Muha wa Kasulu aliyekuja kufuata kaka yake mchimbaji. Kaka akarudi kwao, yeye akabaki na binti yake na kikaango cha chapati. Turubai lake lilikuwa hatua sita kutoka la Agnetha. Kuna asubuhi vidole vya Agnetha vilikuwa haviwezi hata kufungua kifuniko cha chupa ya chai, na asubuhi hizo Rebeka alikuwa anapita bila kusema neno, anakanda unga wa wote wawili, anachota maji ya wote wawili, kisha anarudi kwake. Miaka sita. Ndugu wa tumbo moja hawafanyi hivyo, tusidanganyane.

Sasa Jumanne ile. Bomba la kitongoji liko bondeni, na ukishajaza ndoo unapanda ngazi ya mawe yenye vidato vinne. Wiki hiyo Agnetha alikuwa akichechemea kidogo, visigino vinamuuma asubuhi, na Rebeka aliliona. Alipomwona anajitwika ndoo ya lita ishirini, akamwambia kwa sauti ya kawaida, lakini foleni nzima ilisikia: "Mama Loveness, weka ndoo chini. Nitakubebea. Unaumwa."

Lilikuwa neno la huruma. Ila lilisemwa mbele za watu, na neno "unaumwa" lilimchoma Agnetha kuliko moto wa kuni. Akamgeuzia kibao. Akamuuliza nani kamwambia yeye ni maiti, na kama amekuja kutoka Kasulu kuhesabu wagonjwa wa watu basi akahesabu wa kwao. Foleni ikaguna. Rebeka akajaza ndoo yake akamfuata nyuma.

Kwenye kidato cha tatu, Agnetha alikanyaga kwa ncha ya mguu wa kulia ili ajisukume juu. Akasikia pa! Kama kijiti kikavu kinavunjwa. Hapohapo akahisi teke kwenye kisigino, teke la mtu aliyelidhamiria, na mguu ukapotea chini yake. Ndoo ikaenda, maji yakaenda, naye akaanguka juu ya mawe. Alipogeuka kuona nani kampiga, aliyekuwa nyuma yake, hatua mbili tu, ni Rebeka na ndoo kichwani, mguu mmoja ukiwa bado juu ya kidato.

"Umenipiga teke," Agnetha alisema. "Rebeka, umenipiga teke."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mtu mmetoka kugombana sasa hivi, umehisi pigo, umesikia mlio, umegeuka umemkuta yeye. Hakusema uongo. Mpaka leo anaapa kwamba hakusema uongo, na mimi namwamini. Thobias, mlinzi wa bomba, akasema ameona mguu wa Rebeka ukinyanyuka. Kweli ulinyanyuka, kwani mtu anapandaje ngazi? Lakini likishasemwa teke, kila aliyeona mguu anakuwa ameona teke. Hadi jioni mashahidi walikuwa watano, na mmoja wao siku ile wala hakufika bombani.

Jumapili iliyofuata sungusungu wakakutana. Usukumani, kabla hujafika polisi unafika kwao, ni walinzi wa jadi, na kiongozi wao huitwa mtemi. Mtemi wao, Mzee Nkwabi, ni mtu mpole, fundi wa majembe, asiyependa makelele. Akamuuliza Agnetha kama alimwona Rebeka akimpiga. Agnetha akajibu kwamba kisogo hakina macho, lakini kisigino kinajua kilichokipata, na akaonyesha mguu uliovimba. Rebeka alipoulizwa alisema neno moja, sikumgusa. Akaulizwa tena, akasema sikumgusa. Mara ya tatu hakusema kitu. Watu wa kule hawapendi mtu anayeumiza mwenzake halafu anakaza shingo, na tena mtu wa kuja. Wakamtenga mpaka atakapokiri.

Labda hujui kutengwa. Hakuna fimbo, hakuna kamba. Ni kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa kukusalimia, wala kuitikia ukimsalimia. Hakuna wa kukupa moto, wala kununua kwako, wala kukaa kwenye benchi lako. Anayevunja anatengwa pamoja nawe. Unapita njiani watu wanaangalia milima. Wapo waliopigwa viboko maishani wakasahau, lakini sijaona aliyetengwa akasahau.

Siku za kwanza Agnetha alipata raha, nisikufiche. Alikuwa akikandwa mguu kwa maji ya moto na chumvi na mama mmoja fundi wa kuvuta mifupa, aliyesema umeteguka, utapona. Wateja walimpa pole. Wachimbaji walimbebea kuni. Alikuwa mtu aliyeonewa, si mtu anayeumwa, na hiyo tofauti ilikuwa tamu kuliko alivyotegemea. Lakini wiki ya pili akaanza kuona mambo. Aliona chapati za Rebeka zikikauka kwenye sinia mpaka mbwa wakazizoea. Alimwona Blessing, mtoto wa darasa la nne, amesimama peke yake kwenye njia ya shule. Wiki iliyofuata hakumwona tena. Alikuwa amepelekwa Kasulu kwa bibi yake. Na asubuhi vidole vya Agnetha mwenyewe vilipokataa, chupa ya chai ilikaa na kifuniko chake mpaka saa nne. Alikumbuka nani alikuwa akiifungua. Akajiambia kwamba Rebeka akikiri tu, yataisha. Kwa nini hakiri, mwanamke mkaidi huyu?

Mguu nao haukupona. Uvimbe ulishuka, lakini hakuweza kusimama kwa ncha ya kidole. Tarehe yake ya kliniki ilipofika, akaenda Mwanza akiburuta kisigino.

Daktari wake anaitwa George, kijana mrefu anayeongea polepole. Alipomwona anavyoingia, hakuuliza habari za figo kwanza. Alimlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, akaminya shavu la mguu wa kushoto. Wayo ukajikunja vizuri. Akaminya la kulia. Wayo ukakaa kimya kama wa mtu mwingine. Akaminya tena. Akapitisha kidole nyuma ya kisigino, na Agnetha mwenyewe akahisi kidole kinazama kwenye shimo.

Akamweleza kwamba lile ni kano, ule mshipa mweupe wa nyuma ambao mchinjaji anamtundikia mbuzi kwenye ndoano, na kwamba lake limekatika. Ugonjwa unalilegeza, na predi za miaka sita zinalimaliza polepole. Mtu wa hivyo hahitaji ajali. Anaweza kupanda ngazi tu. Akamuuliza kama alitumia dawa nyingine mwezi ule, na Agnetha akakumbuka sipro, antibiotiki za mkojo, alizonunua duka la dawa bila kumuuliza mtu. Daktari akatikisa kichwa, akasema zile zikikutana na predi ni hatari kwa makano, asizinunue tena hivyohivyo. Akamkanya pia asije akakasirika akaacha predi ghafla, maana huo ungekuwa msiba mwingine.

Kisha akauliza, huku akiandika, kama mtu anayeuliza jina la kata: "Siku hiyo ulisikia mlio, halafu ukageuka kuangalia nani kakupiga teke?"

Agnetha akageuza kichwa kumtazama. Hakuwa amemwambia habari za teke. Alisema tu alianguka.

"Umejuaje?" akauliza.

"Wote husema hivyo, mama. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mwalimu, lilimkatikia akiwa peke yake uwanjani. Akageuka kumtafuta aliyempiga."

Akamfunga hogo gumu la plasta kuanzia gotini, wayo ukiangalia chini, akampa magongo na wiki nane. Kushona hakushauri, maana kwa predi zile kidonda kingekawia kufunga. Agnetha aliitikia ndiyo kwa kila kitu. Masikioni mwake lilikuwa linarudi neno moja tu, lile la Rebeka, sikumgusa.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapambana na nafsi yake. Ukweli ule walikuwa nao watu wawili, yeye na daktari, na daktari hawajui watu wa kwao wala hajawahi kusikia jina la kitongoji chao. Akisema, atasema pia lupasi, na predi, na miaka sita ya uongo wa aleji. Tena sheria ya sungusungu inajulikana. Anayemsingizia mwenzake hubeba adhabu ileile. Mwanamke mwenye mguu mmoja, bila mtu wa kumpa hata maji, ataishije? Shetani si mjinga, akamwonyesha njia ya tatu. Asamehe! Akisema mbele ya watu kwamba amemsamehe Rebeka, kutengwa kutakwisha, yeye ataonekana mtu wa Mungu, na hogo litakuwa kazi ya teke. Hakuna atakayeumia.

Akaenda kwa Mzee Nkwabi kesho yake, akasema moyo wake umemsamehe. Mzee akafurahi kweli, maana jambo lile lilimkosesha usingizi. Akamtuma mtu kwa Rebeka, mtu wa kwanza kumsemesha baada ya siku ishirini na nne, amwambie amesamehewa, aje Jumapili wapeane mikono.

Jibu la Rebeka lilifika kabla ya adhuhuri. Anisamehe nini? Sikumgusa. Kama hakuna kosa hakuna msamaha, na kama kuna kosa basi waendelee kunitenga, Jumatatu nafunga mizigo.

Agnetha alikaa na jibu lile chini ya turubai mpaka chai ikachemka ikaisha. Kwa mara ya kwanza akajiuliza swali alilokuwa akilikwepa tangu kidato cha tatu. Kwa nini alifurahi? Kwa sababu alikuwa akitaka teke liwe la mtu. Teke la mtu lina jina, unalishitaki, linaisha. Kuliko kujua kwamba mwili wako unakatika wenyewe kwa ndani, bila sababu, ukipanda ngazi na ndoo, heri uwe na adui. Na adui aliyekuwa karibu kuliko wote ni yule aliyemwambia weka ndoo chini. Aliona haya, akalia, na hakujificha na kofia.

Jumapili watu walikuwa wengi, waliotoka kanisani na waliotoka mashimoni. Rebeka alikuja, akasimama pembeni peke yake, amekonda. Mzee Nkwabi alitegemea maneno mafupi. Agnetha akajiinua kwenye magongo na kuvua kofia, jua likampiga usoni, mashavu yakaonekana yalivyo.

Akasema yote. Akataja ugonjwa kwa jina lake, akasema mkorogo hajui hata unavyonuka. Akaeleza mshipa wa mbuzi kwenye ndoano. Thobias akaangalia chini. Mwisho akasema, "Teke nililihisi, na mbele ya Mungu nililihisi. Lakini halikuwa na mguu. Rebeka hakunigusa."

Mzee mmoja akasema mayo we, yaani mama we, masikini. Mtemi akafuta uso kwa kiganja, akasema ameumia, lakini sheria haina mgonjwa wala mzima. Rebeka ametengwa siku ishirini na nane mpaka leo, na aliyesababisha atatengwa siku hizohizo, isipokuwa aliyeonewa akisema vinginevyo. Watu wote wakamgeukia Rebeka. Wengi walijua atasema nini, maana walimjua moyo wake.

"Siku zilezile," Rebeka akasema.

Watu wakaguna. Agnetha hakuguna. Alikuwa ameona sinia la chapati.

Rebeka akaendelea, bila kumwangalia. "Ila mimi nilitengwa nikiwa na miguu miwili. Maji nilichota mwenyewe. Huyu ana mmoja. Kama ni zilezile, basi maji apate. Nitampelekea mimi. Kusema naye sitasema."

Mzee Nkwabi akafikiri, akaona halina kosa, akapiga filimbi kufunga mkutano.

Siku ishirini na nane ni ndefu. Benchi lilikuwa tupu, moto wa asubuhi aliuwasha kwa kibiriti chake, na aliowasalimia waliangalia milima. Akajifunza kwa ngozi yake kitu alichomfanyia mwenzake, na hakuna daktari angeweza kumweleza vile. Lakini kila kulipokucha ndoo ya Rebeka, ile yenye mpini wa waya, ilikuwa mlangoni imefunikwa sahani. Alisikia hatua zikija na hatua zikienda. Na asubuhi zile mbaya, juu ya sahani aliikuta chupa yake ya chai, ile aliyoiacha nje jana yake, kifuniko kimeshalegezwa. Mara mbili alikaribia kusema asante kupitia mlango. Alijizuia, kwani angemponza, naye angetengwa tena kwa kumwitikia.

Siku ya ishirini na tisa adhabu ilikuwa imekwisha. Agnetha akahesabu kwamba na deni la maji limekwisha pia. Hakutaka kumsubiri mtu mlangoni kama mfalme. Akachukua ndoo ndogo ya lita tano, akaacha gongo moja nyumbani, akajikongoja na la pili mpaka bondeni, hogo likiwa limechakaa kwa vumbi. Foleni ikamwitikia salamu, mwangaluka, mwangaluka mayo, na neno hilo la kila siku lilimtia machozi. Akajaza. Akainama kuinyanyua.

"Mama Loveness," sauti ikasema nyuma yake. "Weka ndoo chini."

Thobias akaacha kufunga bomba, maji yakamwagika. Kila mtu alikuwepo siku ile, au alisema alikuwepo, na kila mtu alikumbuka kilichofuata baada ya maneno yale.

Agnetha akaiweka chini.

"Naumwa, Mama Blessing," akasema, kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia. "Nibebee."

Rebeka akajitwika ndoo yake, akashika ile ndogo mkononi. Ngazi ile haipandwi na watu wawili sambamba, kwa hiyo Agnetha alitangulia, gongo kwanza, mguu mzima, kisha hogo, kidato kwa kidato. Rebeka alikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Kwenye kidato cha tatu Agnetha alisimama akavuta pumzi, na hakugeuka kuangalia.